Nanaa Iliyovuka Ukuta

Kwa miaka kumi na moja nilipanga chumba cha uani katika nyumba ya metroni mstaafu, mtaa wa Isevya, Tabora. Mtaa mzima ulimwita Metroni. Sikuwahi kusikia mtu akimwita vinginevyo, isipokuwa mwanamke wa nyumba ya pili, ambaye alimwita Mpagazi. Mwanamke huyo alikuwa na ruhusa ya kumtukana Metroni wakati wowote, na hakuwepo mwingine Isevya mwenye ruhusa hiyo. Nitaeleza mengi kuhusu Metroni, lakini jambo lenyewe ni jinsi alivyokaribia kumpoteza jirani huyo kwa sababu ya nanaa.

Nanaa ilikuwa kwenye ndoo. Mgeni aliambiwa hivyo kabla hajaonyeshwa kiti: ipo kwenye ndoo, na itabaki kwenye ndoo. Zilikuwa ndoo tisa za plastiki, zimepangwa mistari miwili kando ya karo la kufulia, zinatazamana kama vitanda vya wodi. Kila ndoo ilikaa juu ya tofali, na tofali lilikaa juu ya sakafu ya saruji. Kwenye kitako cha kila ndoo palikuwa na matundu matano ya kutolea maji, yaliyotobolewa kwa msumari wa moto. Nanaa iliyotaka kutembea ilipaswa kupita tundu, kisha tofali, kisha saruji. Metroni alikuwa ameyafikiria yote hayo.

Kabla ya ndoo alitumia tairi la lori. Alilijaza udongo, akapanda nanaa katikati, na mwaka wa kwanza ilikaa. Mwaka wa pili ilipita chini ya tairi ikatokea mlangoni mwa choo. Alikisimulia kisa hiki kwa sauti ile ile aliyosimulia nayo mlipuko wa kipindupindu uliomkuta kazini, na kwa muda mrefu nilidhani ni tukio moja.

Matawi yaliyolala juu ya ukingo wa ndoo yakitafuta ardhi aliyaita watoro. Ni neno la hospitali, la mgonjwa aliyeondoka kitandani bila kuruhusiwa. Kila Jumamosi saa moja asubuhi, kabla ya chai, Metroni alipiga raundi. Alivaa aproni, akachukua mkasi aliouchemsha, akapita ndoo hadi ndoo, akiinama kwa shida kwa sababu ya goti la kushoto. Kila mtoro alikatwa kwa mshazari, mkato mmoja. Mimi nilishika beseni. Tulipomaliza, alimwaga vipande kwenye mfereji unaotoka karoni, akavisukuma kwa ufagio mpaka kwenye tundu lililo chini ya ukuta, ambako maji yote ya uani yalitokea. "Kilichokatwa kimekwisha," alisema, kisha akanawa mikono mpaka viwikoni.

Nimeiandika sentensi hiyo kama ilivyotoka kinywani mwake kwa sababu ni kati ya sentensi zake chache ambazo hazikuwa kweli.

Zilizobaki nyingi zilikuwa kweli. Alisema mgonjwa anayedai hana shida apimwe wa kwanza. Alisema shuka likitandikwa ovyo, basi na dawa imetolewa ovyo. Ukimwambia una homa, aliuliza imeanza lini, inapanda saa ngapi na umekula nini. Ukimwambia una huzuni, aliuliza maswali hayo hayo, na mara nyingi ilibainika kwamba hukuwa umekula.

Vitanda hakuviacha alipostaafu. Siku moja nilirudi kazini nikakuta kitanda changu kimetandikwa upya, pembe za shuka zimekunjwa na kubanwa hata ningeweza kudundisha mpira juu yake. Kwenye mto palikuwa na kikaratasi kilichoandikwa neno moja: "Hivi." Hatukuwahi kulizungumza. Tangu siku hiyo nimetandika hivyo.

Kanisani aliimba sauti ya pili. Mtu akikohoa katikati ya wimbo, Metroni aligeuka kumtazama bila kuacha kuimba, na baada ya ibada alimngoja mlangoni. Mzee mmoja wa kanisa alihamia ibada ya asubuhi na mapema ili apate kukohoa kwa amani.

Damu haikumtisha, wala maiti, wala wakuu wake wa kazi. Alichoogopa ni kinyonga. Mwaka fulani kinyonga kidogo, si kirefu kuliko kidole, kilifanya makazi katika ndoo ya sita, na kwa wiki tatu ndoo hiyo haikupigiwa raundi. Watoro wake walifika chini. Nilijitolea kukiondoa, akanikataza, akasema kila kiumbe kina siku yake ya kuruhusiwa. Kilipoondoka chenyewe, alimwaga maji ya moto juu ya tofali.

Tena hakuinywa nanaa yake. Alikunywa chai ya rangi yenye tangawizi, na alisema nanaa ni ya tumbo na tumbo lake halina neno. Aliigawa. Walikuja wapishi wa shughuli, wazee waliopenda majani mawili kwenye chai ya jioni, na akina mama wenye watoto waliochafukwa na tumbo. Wote waliondoka na majani. Aliyeomba mche aliulizwa kama ana ndoo, kama ana tofali, kama nyumbani kwake kuna saruji, na magoti yake yakoje. Wengi waliona majani yanatosha. Bibi mmoja wa Goweko alikuja na ndoo yake kichwani na tofali ndani ya ndoo, akajibu maswali yote, akapewa mche. Mwezi uliofuata Metroni alipanda gari asubuhi akaenda Goweko kuukagua. Alirudi jioni akasema unaendelea vizuri.

Sasa nimfikie jirani.

Alikuwa Mzaramo wa Kisarawe. Aliletwa Tabora na mumewe, mume akafariki, yeye akabaki. Nyuma ya ukuta wetu alikuwa na matuta saba ya mboga, mchicha kwa sehemu kubwa, na matembele kidogo pembeni. Alfajiri alichuma, akafunga mafungu, akayapeleka gengeni kwenye beseni. Hakuwa na kazi nyingine wala mtu wa kumtumia chochote. Matuta yakizaa alikula. Yasipozaa hakuwa na la kufanya.

Wanyamwezi na Wazaramo ni watani, na Metroni alikuwa Mnyamwezi. Wazee wa Tabora husema utani huu ulianzia njiani, enzi za misafara, wabeba mizigo walipokatiza Uzaramo kwenda pwani. Waliofia huko walizikwa na wenyeji, na aliyekuzikia babu yako hawezi kukuambia neno likawa tusi. Mtani husema lolote. Huingia bila hodi, hufunua sufuria yako jikoni, na kitu chako akikipenda hukichukua. Sheria iliyobaki ni moja, nayo inawahusu wote wawili: mtani hakasiriki.

Basi kila siku, kama saa nne, Mtani aliingia kwetu, akavuta kigoda, akaanza. Aliuliza kama Mpagazi bado hajafa. Metroni alijibu kwamba anamngoja yeye atangulie, na kwamba urefu wa kaburi lake ameshaupima kwa kamba. Mtani alisema babu zake Metroni walibeba pembe za ndovu mpaka Bagamoyo, na mjukuu anashindwa na ndoo ya nanaa. Metroni alisema ni afadhali kuzaliwa na waliobeba kuliko na waliolala chini ya mnazi wakingoja nazi ijiangushe. Waliendelea hivyo nusu saa, bila hata mmoja kutabasamu, kwa sababu mtani hodari hatabasamu, na wote wawili walikuwa hodari sana. Ilikuwa ndiyo nusu saa pekee ya siku ambayo Metroni hakuwa akimsimamia mtu.

Mwaka mmoja, baada ya mvua za kwanza, Mtani alisema majani ya Metroni yamekuja kwake kuchumbia. Metroni akasema basi yamekosa macho. Nilicheka.

Mwezi uliofuata alisema nanaa imekaa kwenye tuta lake kama mkwe asiyejua kuaga. Metroni akamwambia ashukuru, hatimaye kuna kitu kimekubali kuota kwenye tuta la Mzaramo. Hilo nilikwenda kulisimulia kazini.

Mvua za mwaka wa pili zilipokwisha, Mtani alikaa kwenye kigoda kile kile akasema, "Unaniua njaa, Mpagazi." Metroni akajibu kwamba siku hiyo Tabora itachinja ng'ombe. Mtani aliinuka akaondoka kabla ya nusu saa kwisha. Metroni alisema mtani wake anazeeka, pumzi za matusi zimempungua.

Naweza kusema nilikuwepo mara zote tatu na nina masikio mazima.

Jumamosi iliyofuata tulikuwa raundini, ndoo ya saba, tuliposikia hodi. Metroni alisema karibu bila kuinua macho. Hodi ikapigwa mara ya pili, ndipo mlango wa uani ukafunguliwa. Alikuwa Mtani. Alivaa buibui, ambalo nililiona kwake misibani tu, na alisimama pale saruji inapoanzia, mikono ameikunja mbele.

"Shikamoo, Metroni."

"Marahaba," alijibu Metroni upesi, kwa mazoea ya mtu aliyeamkiwa na mji mzima. Kisha mkasi ukasimama hewani.

Watani hawaamkiani shikamoo. Tena walikuwa rika moja. Mtani alisema, taratibu, kwamba amekuja kama jirani kwa jirani, kumwomba afike kuyaona matuta yake, kama ana nafasi. Nilimsogezea kigoda. Alinishukuru na hakukaa.

Metroni aliweka mkasi kwenye beseni, akafungua aproni, akatoka kwa mlango wa mbele. Kwa sababu ya goti, na kwa sababu Mtani ndiye aliyekuja siku zote, alikuwa na miaka kama mitatu hajaingia ua ule. Nilimfuata.

Matuta yalikuwa saba. Matano yalikuwa nanaa tupu. Ilikuwa nene, ya kijani kibichi, inafika katikati ya muundi, na nathubutu kusema sijapata kuona nanaa nzuri kama ile. Harufu yake ilijaa ua mzima. Mchicha ulionekana hapa na pale, shina jembamba lenye majani ya manjano. Kwenye tundu la maji chini ya ukuta nanaa ilianzia nyembamba, kisha ikapanuka kuelekea kwenye matuta kama maji yaliyomwagika.

Metroni alikwenda moja kwa moja kwenye tundu. Alishuka chini, goti likalia, akang'oa shina moja dogo, akaligeuza. Chini kabisa palikuwa na mkato wa mshazari, na pembeni mwa mkato mizizi myeupe minne, mifupi kama kucha.

"Hiki ni cha Jumamosi iliyopita," alisema.

Alikaa vile akikitazama. Miaka yote aliyofanya kazi aliwafundisha wasichana wa uuguzi kwamba kitambaa kilichotoka kwenye kidonda hakitupwi, kinachomwa.

"Mbona hukuniambia?" aliuliza.

"Nilikuambia," alisema Mtani. "Nilikuambia kila siku."

Metroni alianza kusema kwamba alidhani, akaacha hapo. Mtani alimshika mkono akamwinua kwa adabu, akampangusa udongo wa gauni.

Jumatatu asubuhi Metroni alibisha hodi kwa Mtani akiwa na aproni, kigoda, kijiko cha chuma na chekeche la unga. Alikaa kichwani mwa tuta la kwanza, akachimba udongo kwa kijiko, akauchekecha, akaokota kila kipande cha mzizi, hata kilichokuwa chembamba kama uzi. Vyote vilikwenda kwenye kopo. Saa sita alichoma vilivyokuwa kwenye kopo na kusimama pale mpaka vikawa majivu. Hiyo ilikuwa hatua moja ya tuta. Matuta yalikuwa na hatua nane kila moja.

Tundu la ukutani aliliziba kwa wavu, kisha akamwita fundi akageuza mfereji wote uelekee barabarani kupitia shimo lenye kokoto. Ndoo tisa alizibakiza. Nilimuuliza kwa nini, akasema ndoo hazina kosa. Nilipomshauri atafute vijana wenye majembe wamalize kazi kwa siku mbili, alinitazama kama mtu aliyekohoa kanisani. Jembe hukata mzizi mmoja ukawa kumi, alisema, na aliyeambukiza ndiye anayeosha.

Alichimba kiangazi chote. Goti lilivimba, akalifunga bandeji, akaendelea na kigoda kirefu zaidi. Mvua ziliponyesha, nanaa ikaota tena kwenye kila hatua aliyoikosea, naye akarudi na kijiko.

Muda wote huo Mtani alimtendea vizuri. Asubuhi alimwamkia shikamoo, akampa pole na kazi, akamtandikia mkeka kivulini. Alimletea chai. Jioni moja Metroni alirudi, akakaa karoni bila kunawa, jambo ambalo sikuwa nimeliona.

"Leo amenipa kikombe chenye kisahani," alisema.

Ilinichukua muda kuelewa kwamba analalamika.

Siku nyingine aliniambia amejaribu. Alimwambia Mtani kwamba Wazaramo ni wavivu, ndiyo maana Mnyamwezi anawachimbia matuta. Nikamuuliza Mtani alijibuje.

"Alisema, ni kweli, Metroni."

"Ukafanyaje?"

"Nikaendelea kuchimba."

Saa nne ilipofika, kigoda cha Mtani kilibaki pembeni ya karo, hakuna aliyekikalia. Metroni hakukiondoa wala hakukizungumzia. Alianza kupiga raundi Jumatano pia, ingawa nanaa haikui upesi kiasi hicho.

Mchicha ulirudi kwanza kwenye matuta mawili, kisha manne. Fungu la kwanza Mtani alilileta kwetu limefungwa kwenye gazeti. Alipiga hodi, akashukuru, akasema Mungu ambariki Metroni, akaaga. Metroni alipika mboga ile, akala nusu, akasema imekosa chumvi. Alikuwa ameitia chumvi mwenyewe.

Baada ya hapo nilihamishiwa Mwanza. Nilipiga simu mara chache. Nilipouliza habari za jirani, nilijibiwa kwamba hajambo.

Ilipita kama miaka miwili kabla sijarudi Tabora, kwa ajili ya harusi ya mfanyakazi mwenzangu. Asubuhi ya kuondoka nilipita Isevya. Metroni alikuwa na fimbo sasa, na alipokaa ilimchukua muda kuchagua pembe ya kukaa, lakini ndoo tisa zilikuwa juu ya matofali tisa na nilionyeshwa moja moja. Aliniuliza kama ninalala, saa ngapi, na nimekula nini. Nilikuwa nimemletea chupa ya chai, ile kubwa ya kubonyeza juu, nyekundu yenye maua meupe, niliyoipakata kwenye basi kutoka Mwanza kwa kuogopa isivunjike. Aliikagua mdomo, akasema itabidi isuuzwe kwa maji ya moto mara tatu kabla ya kutumika, akaiweka mezani.

Nilimuuliza kuhusu Mtani.

"Ananiamkia," alisema.

Baadaye, kama mtu anayesoma chati, aliongeza kwamba mvua za mwaka huu zimekwisha na kwenye matuta yale nanaa haijaota tena. Yote saba ni mchicha. Alikwenda mwenyewe juzi na fimbo, akayapita yote, akageuza udongo, hakuona hata uzi.

Nilikuwa najiandaa kuaga mlango uliposukumwa. Hakuna aliyepiga hodi. Mtani aliingia na kanga kiunoni, miguu ina udongo, akaja mpaka katikati ya chumba akiacha nyayo kwenye sakafu iliyopigwa deki. Nilisimama nikamwamkia. Aliitikia marahaba bila kunitazama. Alikuwa anatazama meza.

"Hii ya nani?"

"Yangu," alisema Metroni.

"Ilikuwa."

Aliishika chupa mkono, akaibonyeza juu mara mbili kujaribu, akaitia kwapani. Mlangoni aligeuka, akampima Metroni kuanzia fimbo mpaka goti.

"Mpagazi hata mzigo wake haujui," alisema. "Anangoja Mzaramo ambebee."

Akatoka. Mlango aliuacha wazi.

Niliinuka nimfuate, kwa kuwa ile chupa nilikuwa nimeipakata njia nzima. Metroni alinyoosha fimbo ikanizuia magotini.

"Kaa."

Nilikaa. Tulisikia geti la nje likifungwa, kisha la kwa Mtani likifunguliwa. Nyayo za udongo zilikuwa sita, kutoka mlangoni hadi mezani, na nilingoja aagize kitambaa. Hakuagiza. Aliketi wima, mikono yote miwili juu ya fimbo, akiuangalia mlango ulioachwa wazi.

"Safari ijayo leta kitu kizuri zaidi," alisema. "Ukiweke hapo hapo mezani, kionekane kutoka mlangoni."